Anayempa Mchochezi Kipaza Sauti

Kazi yangu ya redio ilikuwa ya nyuma ya kioo. Nilikuwa prodyuza wa kipindi cha siasa cha asubuhi katika kituo kimoja cha Nakuru. Natafuta wageni, napokea simu za wasikilizaji, namnong'oneza mtangazaji masikioni kwamba laini ya pili kuna mzee wa Njoro ana swali la mashamba. Ukikaa pale unaona jambo ambalo aliye nyumbani halioni. Mgeni akizungumzia bei ya mbolea au dawa zinazopotea hospitalini, taa za simu huwaka moja moja. Akija yule mchambuzi anayejua kulitukana kabila zima bila kulitaja jina, huwaka zote kwa pamoja na hazizimi mpaka taarifa ya habari. Kipindi kikiisha, mtu wa mauzo anapita koridoni amechangamka, anauliza: huyu bwana anarudi lini?

Swali hilo nililisikia miaka mingi, tena kutoka kwa watu ambao si wabaya. Ni watu wenye watoto, wanaoswali, wanaochanga jirani akifiwa. Ndiyo maana leo nikiulizwa mtu amjibu vipi mchochezi wa siasa, sianzi na mchochezi mwenyewe. Naanza na anayempigia simu kumwalika, anayempa cheo cha mchambuzi ilhali hachambui kitu, anayelipia ile saa yake hewani, na anayekata maneno yake vipande na kuvisambaza jioni ili vipendwe. Mchochezi asiyekuwa na hao ni mtu mmoja mwenye hasira barazani, na watu wa mtaa wake wanamjua na wamemzoea.

Nilianza kazi majeraha ya 2008 yakiwa bado mabichi. Asiyekuwepo aelewe kidogo. Matokeo ya urais wa Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, rais akaapishwa Ikulu jioni ile ile, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa mpaka makubaliano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yalipotiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Waliohama makwao walizidi laki sita. Hapa Nakuru moto ulifika mwishoni mwa Januari, ukashuka Naivasha, na uwanja wa maonyesho ukageuka mji wa mahema. Tume ile ilisikiliza ushahidi mwingi kuhusu redio za lugha za mama: simu zilizopokelewa hewani bila kuchujwa, mafumbo kuhusu magugu na wageni, nyimbo zilizochaguliwa makusudi. Watu waliorusha maneno hayo walikuwa wenzetu wa kazi. Walikuwa na mameneja, na mameneja walikuwa na wenye kituo.

Serikali nayo, jioni ile ile ya 30 Desemba, ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nimefikiria sana juu ya hatua hiyo, kwa sababu hadi leo wapo wanaodhani dawa ni kuzima mitambo. Redio zilipozimwa mdomo, ujumbe mfupi wa simu ulichukua nafasi, na ujumbe mfupi hauna mhariri, hauna anwani, wala hauna mtu wa kumwuliza kesho yake. Uvumi ulitembea usiku kucha. Magazeti yalijaribu njia nyingine. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka yote na kichwa kimoja cha habari ukurasa wa mbele, kikiomba nchi iokolewe. Ni mara chache sana nimewaona washindani wa biashara wakikubaliana hivyo. Kwangu ni ushahidi kwamba wenye vyombo vya habari wakitaka kufanya jambo pamoja, wanaweza, na tena kwa usiku mmoja.

Katika mafunzo ya kazi tulipewa muhtasari wa hukumu ya Arusha tuusome. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, na rufani ikaamuliwa tarehe 28 Novemba 2007, mwezi mmoja kabla ya Wakenya kupiga kura. Nilidhani nitakuta majina ya watangazaji wa RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, wale waliosoma hewani majina ya watu na mahali walipojificha. Nikakuta Ferdinand Nahimana, profesa wa historia, mmoja wa waanzilishi wa kituo. Nikamkuta Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria aliyekaa kwenye kamati ya uongozi. Nikamkuta Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Jaji Navanethem Pillay alimwambia Nahimana kwamba bila bunduki wala panga alisababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia. Rufani ilipunguza kifungo chake kutoka maisha hadi miaka 30, lakini jambo moja lilibaki palepale: alikuwa na uwezo wa kuwazuia wafanyakazi wa kituo kile wasichochee mauaji, na hakuwazuia.

Sentensi hiyo niliisoma nikarudia. Alikuwa na uwezo wa kuwazuia. Mimi nilikuwa na kitufe cha kukata simu mbele yangu kila asubuhi.

Kuna jambo jingine kuhusu RTLM ambalo watu husahau. Ilipoanza Julai 1993 ilipendwa. Redio ya serikali ilikuwa nzito, na hawa walikuja na muziki mtamu wa Kongo, utani, lugha ya mtaani, simu za wasikilizaji. Sumu iliingia ikiwa na burudani. Kwa hiyo mtu wa mauzo akiniambia kwamba huyu mgeni wetu anachangamsha tu, watu wanacheka, nilikuwa najua ninachoogopa, na nilimwambia.

Nieleze sasa jinsi tulivyojifunza kufanya, maana kulalamika pekee hakujawahi kubadilisha ratiba ya vipindi.

Mtangazaji niliyefanya naye kazi muda mrefu aliwahi kufundisha shule ya msingi, na wote tulimwita Mwalimu. Septemba 2017, Mahakama ya Juu ikiwa imetoka kufuta uchaguzi wa urais, mji ulikuwa umekaza. Mgeni wetu siku hiyo alikuwa mchambuzi maarufu, mwanasiasa aliyekosa kiti mara mbili akageukia kuzungumza redioni. Mimi nilipinga asije, wenye kituo wakasema atakuja. Tukakubaliana na Mwalimu kwamba kama lazima aje, basi hapewi uwanja wazi. Jioni iliyotangulia tulikaa na kupiga simu: kwa wazee wa mitaa, kwa mwenyekiti wa matatu, kwa ofisa mmoja wa polisi tunayemfahamu, kuuliza hali halisi ikoje. Tuliingia studio tukiwa na daftari limejaa.

Mgeni hakuchelewa. Dakika chache tu akasema, kwa ile sauti ya kumwonea huruma msikilizaji: "Kuna watu wameingizwa Nakuru usiku kwa mabasi. Wenyewe wanajua wamekuja kufanya nini. Na sisi tunajua."

Taa zikawaka zote. Mwalimu hakuniangalia. Akaisogelea maiki na kuuliza taratibu, kama anayeita majina darasani: "Mabasi ya kampuni gani, mheshimiwa?"

"Hilo si muhimu."

"Yalishusha watu wapi?"

"Mwalimu, watu wanajua."

"Mimi sijui, ndiyo nauliza. Ulikuwepo?"

"Nimeambiwa na watu wa kuaminika."

"Saa ngapi? Usiku wa jana au wa juzi?"

Kimya kidogo. Kisha mgeni akapandisha: "Unanihoji kama polisi?"

"Nakuhoji kama jirani," Mwalimu akasema. "Kuna mama ananisikiliza sasa hivi mtaa wa Free Area, watoto wake wanajiandaa kwenda shule. Kama ni kweli, mwambie ni wapi ajihadhari. Kama huna hakika, mwambie huna hakika, awaachie watoto waende."

Mgeni alipiga kona akarudi kwenye siasa za kawaida. Nikampitisha mpigaji simu, mama anayeuza chai stendi, aliyesema kwamba yeye huwasha jiko saa kumi alfajiri kila siku na hajaona basi la wageni wowote. Hakumtukana mgeni. Alisema tu alichoona, akaongeza kwamba biashara ni mbaya na watu waache kutishana. Ndani ya kioo nilihisi miguu yangu inatetemeka, si kwa woga, kwa ahueni.

Nimeisimulia hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu yote ninayojua kuhusu kumjibu mchochezi akiwa tayari ameketi mbele yako. Maneno yake huishi pale pasipo na mahali, saa wala jina. Muulize mahali. Muulize saa. Muulize ameona au amesikia. Usibishane naye kuhusu wema au ubaya wa kabila, kwa sababu ukibishana hapo tayari umekubali kwamba kabila ndilo swali. Usimpandishie sauti, maana sauti iliyopanda ndiyo klipu anayoitaka. Jioni itazunguka ikiwa na maandishi kwamba redio fulani imemnyamazisha mtetezi wa watu wetu. Na usiende mikono mitupu. Maswali ya Mwalimu yaliuma kwa sababu usiku uliotangulia tulikuwa tumeshajua majibu.

Kazi hiyo ina gharama. Mgeni akijua ataulizwa hivyo, haji tena, anahamia kituo cha jirani wanakomwachia aseme atakavyo. Ndipo utakapoona kwamba mtangazaji mmoja mwenye msimamo hatoshi.

Kilichobadilisha mambo kituoni kwetu hakikuwa vikao vya wahariri. Vikao tulikaa, ripoti tuliandika, zikawekwa kabatini. Kilichobadilisha ilikuwa barua. Kikundi cha akina mama wa kuweka akiba mtaa wa Kaptembwo, wanawake wa makabila tofauti wanaokutana kila wiki kuchangiana, walichoshwa na mgeni mwingine aliyekuwa akija kila Ijumaa. Katibu wao alikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne. Aliandika kila Ijumaa: tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, katika lugha yaliyosemwa. Kisha hawakutuandikia sisi. Walimwandikia mdhamini wa kipindi, msagaji mmoja wa unga, wakaipeleka barua wenyewe mpaka kwenye bohari yake.

Niliiona nakala yake baadaye. Haikuwa na tusi wala kitisho. Walisema wao ni wanunuzi wa unga ule, wanaupikia watoto, na baina yao wamo wanaotukanwa kila Ijumaa na wamo wanaosifiwa, na wote wanaona aibu kusikia jina la unga wao likisomwa kabla na baada ya maneno yale. Wakaorodhesha maneno. Wakaomba jambo moja tu: jina hilo liondolewe kwenye saa ile. Hawakuomba kituo kifungwe, hawakuomba mtu akamatwe.

Mdhamini alipiga simu. Mkurugenzi ambaye kwa miezi hakuwa na nafasi ya kutuona alituita sote asubuhi iliyofuata. Mgeni wa Ijumaa hakurudi. Saa ile ikapewa kipindi cha kilimo ambacho, nakiri kwa furaha, kilipata wasikilizaji wake na wadhamini wake pia.

Watu wengi wenye uchungu huanza na kumtukana mchochezi mtandaoni. Nawaelewa. Lakini tusi lako linamfikia yeye na linamnenepesha. Barua ya mnunuzi inamfikia anayelipa. Kama utaandika, andika kwa mdhamini, na nakala peleka kwa mhariri, na nyingine kwa Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo kwa sheria ya 2013 lina tume ya kusikiliza malalamiko dhidi ya wanahabari na vyombo vyao. Malalamiko ya "redio yenu ina ukabila" hayaendi popote. Yanayokwenda ni yenye tarehe, saa, jina la kipindi, maneno yenyewe, na kama inawezekana rekodi. Lugha ikiwa ni ya mama, andika maneno kwa lugha hiyo kwanza kisha tafsiri, kwa sababu utetezi wa kwanza utakaosikia ni kwamba umetafsiri vibaya.

Na chagua vita vyako. Mwanasiasa anayeitwa mwizi wa pesa za umma hajafanyiwa uchochezi, ameulizwa hesabu. Kejeli, hata kali, ni haki ya mwananchi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na papo hapo inasema uhuru huo haufiki kwenye kuchochea ghasia, matamshi ya chuki na kueneza propaganda ya vita. Mpaka uko hapo. Susan Benesch, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi sana na Wakenya, anatupa maswali yanayonisaidia kuutambua: nani anasema, anawaambia akina nani, anasema nini hasa, katika hali gani, na kwa chombo gani. Neno lile lile likitoka kwa mlevi Jumanne ya kawaida ni upuuzi. Likitoka kwa mtu anayeheshimiwa, kwa watu wenye hofu, wiki ya kutangaza matokeo, kwenye redio inayoaminiwa na kijiji kizima, ni hatari. Neno "madoadoa", la kuwaita watu wa makabila mengine kuwa wageni wasiotakiwa, lilitajwa katika ghasia za Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990 na likarudi 2007. Mtu wa Molo akilisikia halisikii kama mtu wa Mombasa.

Nina mjomba wangu Molo. Nyumba yake ilichomwa 1992, akajenga, ikachomwa tena 2008, akajenga. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, alirusha kwenye kundi letu la familia la WhatsApp sauti ya mtu asiyejulikana akisema watu wa upande fulani wamegawiwa silaha na wenye akili wajitayarishe. Vijana wa familia wakamrukia. Mmoja akamwita mzee wa chuki. Mwingine akamtumia makala ya kukanusha. Mjomba akanyamaza, na mimi namjua, kimya chake si cha kukubali.

Nikampigia simu, faraghani. Sikuanza na ile sauti. Nilimwuliza habari za viazi, akanieleza bei mbovu. Nikamwuliza analala vizuri. Akasema halali. "Mama," akaniambia, ndivyo anavyoniita tangu utotoni kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "safari hii sina nguvu ya kujenga tena." Tukazungumza muda. Nikamwuliza kama aliyeituma sauti ile anamfahamu, akasema ilitoka kwa mtu wa kanisani, naye aliipata kwa mtu wa sokoni. Nikamwuliza jirani yake wa ng'ambo ya mto, wa kabila lile linalosemwa, anaonaje. Akasema hawajaongea tangu kampeni zianze. Nikamwomba ampigie.

Alimpigia. Kumbe jirani naye alikuwa na sauti yake, ya watu wetu sisi wamegawiwa silaha. Ni karibu maneno yale yale, kwa lugha nyingine. Wazee wale wawili wakakubaliana kwamba yeyote akisikia jambo, kabla hajampa mwanawe, anampigia mwenzake kwanza. Wakamhusisha chifu na kamati ya amani ya pale. Agosti ikapita salama kwao.

Wale vijana walikuwa na ukweli mikononi na hawakumsaidia chochote. Mchochezi alikuwa amejenga uongo juu ya kidonda cha kweli: nyumba mbili zilizochomwa, na hakuna aliyefungwa kwa hilo. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba sauti ni ya uongo bila kukitaja kidonda, anasikia unamwambia nyumba zake hazikuchomwa. Mchochezi angalau alimwambia, "Najua unaogopa." Sisi tunaompenda tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema.

Ndiyo sababu pia siku hizi sisambazi klipu ya mchochezi, hata kwa nia ya kumlaani. Kila anayeisambaza akiandika "tazameni upuuzi huu" amempelekea wasikilizaji wapya. Nikihitaji kuipinga, naandika hoja yangu kwa maneno yangu na kueleza jambo lilivyo, bila sauti yake, bila uso wake, na sirudii neno lake la mvuto. Klipu yenyewe naihifadhi pamoja na tarehe yake, kwa ajili ya malalamiko.

Wenye mitandao hawawezi kuachiwa kazi hii peke yao. Julai 2022, uchaguzi ukiwa mlangoni, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalijaribu kupeleka Facebook matangazo ya kulipia yenye matamshi ya chuki kuhusu Kenya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kuona kama yatazuiwa. Yalipitishwa. Hayakuachwa yaonekane na umma, yaliondolewa kabla, lakini jibu lilipatikana: maneno ya kumwaga damu yaliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha yalipita mlangoni mwa kampuni tajiri kuliko nchi nyingi. Tume ya Uwiano na Utangamano ikaipa kampuni siku 7 ijirekebishe, mawaziri wakasema mtandao hautafungwa. Sikutaka ufungwe. Nilitaka waajiriwe watu wa kutosha wanaoelewa Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin na Dholuo, na wasikike na wakubwa wao wanaposema hili ni hatari.

Wapo wanaoniambia suluhisho ni serikali iwe na mkono mzito. Nimeuona mkono huo. Tarehe 2 Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi na kiwanda cha uchapishaji cha gazeti la The Standard, wakachoma magazeti na kuizima televisheni ya KTN. Hapakuwa na chuki ya kikabila pale. Palikuwa na habari isiyopendeza. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa kuonyesha kiapo cha upinzani Uhuru Park. Mwenye swichi huizima kwa faida yake. Sheria ya 2008 dhidi ya matamshi ya chuki naiunga mkono na ninataka itumike, lakini itumiwe na mahakama, kwa ushahidi, na kwa walio serikalini vilevile. Hata mahakama ina mipaka yake: kesi ya mtangazaji Joshua arap Sang kule The Hague, kuhusu ghasia zile za 2007 na 2008, iliyoanza kusikizwa Septemba 2013, ilikatizwa tarehe 5 Aprili 2016 bila kutiwa hatiani wala kutangazwa hana hatia. Waathiriwa walisubiri miaka minane na hawakuambiwa lolote la kuwatuliza. Anayengoja hukumu ndipo aanze kuchukua hatua atakuwa amechelewa sana.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kazi inayofanywa kabla. Mwaka 2012 waigizaji wa Vioja Mahakamani, ambao nusu ya Kenya imekua ikiwatazama KBC, walitengeneza vipindi vinne vya kesi za uchochezi, wakishirikiana na Benesch. Mshtakiwa alikuwa mtu aliyesema maneno, na kizimbani ikaonekana wazi mbinu zake: jinsi anavyowafanya watu waogope, jinsi anavyotumia neno la kumfananisha binadamu na mdudu. Watafiti waliowauliza watazamaji baadaye waliona kwamba walizitambua mbinu hizo na kuzitilia shaka zaidi. Bibi yangu hawezi kusoma kifungu cha 33, ila kesi ya runingani angeifuata mwanzo hadi mwisho na kuibishania kutwa nzima.

Siku hizi sipo tena nyuma ya kioo kila asubuhi. Nafundisha watangazaji wachanga na kuzunguka kwenye vituo vidogo vya Bonde la Ufa, kwa sababu uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027 na wageni wa aina ile wameshaanza kualikwa. Kwa wenye vituo nina maombi yasiyobadilika. Wahifadhi rekodi za vipindi vya siasa mpaka uchaguzi upite na kesi zake ziishe. Wanunue mtambo wa kuchelewesha simu kwa sekunde kadhaa ili prodyuza apate nafasi ya kukata. Waandike kwenye mkataba kwamba mtangazaji au prodyuza akimkatia mgeni maiki kwa uchochezi, hatafukuzwa wala kukatwa mshahara, na hiyo karatasi ibandikwe studio ambapo mgeni ataiona. Ombi la rekodi wengi hulikubali. La mtambo hujadiliwa bei. La mkataba ndilo linalowafanya wakune kichwa na kuniomba nirudi wiki ijayo, nami hurudi nikiwa na karatasi tayari, inayongoja sahihi.